Kumpiga Picha Mtu wa Kazi Akabaki Yeye Mwenyewe

Fungua tovuti ya kampuni ya mawakili, benki au hospitali binafsi, uende kwenye ukurasa wa wafanyakazi. Mara nyingi utakuta safu ya watu waliosimamishwa mbele ya ukuta mweupe, mikono imefumbatwa kifuani, tabasamu limeshikiliwa mpaka limekauka. Mhasibu na daktari wa watoto wanafanana. Picha zenyewe ni kali na rangi ni safi, lakini mteja akikutana na mmoja wao mapokezi anaweza kumpita asimtambue.

Sababu kubwa ya mtu kuganda mbele ya kamera ni kuachwa peke yake. Mpiga picha yumo kwenye vitufe, anasogeza flashi, anatazama kioo cha kamera na kukunja uso, na aliyesimama mbele anadhani sura yake ndiyo yenye tatizo. Kwa hiyo mwongozo huu wote unaegemea jambo moja: mwanga, mandhari na mipangilio ya kamera vimalizwe kabla mtu hajaingia chumbani, ili akishaingia ubaki na kazi ya kuzungumza naye na kumtazama.

Simu kabla ya siku yenyewe

Siku nne au tano kabla, piga simu ya dakika kumi au kumi na tano. Ongea na mhusika mwenyewe, usiishie kwa afisa mawasiliano. Muulize picha itakaa wapi: tovuti, kadi ya biashara, bango la barabarani, ripoti ya mwaka. Muulize nani ataitazama na atakuwa katika hali gani. Mgonjwa anayeogopa kung'olewa jino anatafuta uso mpole. Anayetafuta wakili wa kesi ya ardhi anataka mtu makini, na tabasamu la meno yote linaweza kumfanya asite. Muulize siku yake ya kazi inaanzaje na mikono yake inashika nini kwa saa nyingi zaidi. Mwisho, muulize kama ana picha yake ya zamani asiyoipenda, na kwa nini. Hapo ndipo utasikia habari ya jicho moja lililo dogo kuliko lingine, kidevu, upara, kovu, pengo la meno. Ukishajua, huna haja ya kumuuliza tena mbele ya wenzake, na yeye ataona kwamba umelitunza jambo lake.

Kuhusu nguo, mwambie avae anachovaa kazini siku anayotaka kuonekana nadhifu, na abebe ya pili ya kubadilisha. Mistari myembamba iliyosongamana kwenye shati hutoa mawimbi ya ajabu kwenye picha za kidijitali, hasa ikipunguzwa ukubwa, hivyo aiepuke. Kitenge kinafaa sana, ila chenye maua makubwa karibu na shingo huvuta jicho kutoka usoni. Kifunikwe kiasi kwa koti la rangi moja au mtandio. Nguo mpya kabisa ambayo hajawahi kuivaa ni hatari: ataivuta na kuirekebisha kipindi chote.

Dirisha lipi, saa ngapi

Fika kukagua ofisi siku moja kabla, saa ileile utakayopiga picha. Unatafuta vitu viwili: dirisha kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja, na nafasi ya mita 3 au zaidi kati ya mahali atakapokaa mtu na ukuta wa nyuma yake. Chumba kidogo cha mikutano kinachosifiwa na kila mtu kwa kuwa na nembo ya kampuni ukutani mara nyingi hakina hata kimoja kati ya hivyo.

Vitabu na video nyingi kutoka Ulaya na Marekani hushauri dirisha linalotazama kaskazini, kwa sababu kwao jua la mchana haliji upande huo. Kwetu ushauri huo unapotosha kwa zaidi ya nusu mwaka. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tangu mapema Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na dirisha lenye mwanga mtulivu ni la kusini. Kuanzia hapo hadi mwanzoni mwa Machi inayofuata mambo hugeuka. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, hugeuka katika wiki ya mwisho ya Septemba na tena katikati ya Machi. Dirisha la mashariki litumie baada ya saa 6 mchana, la magharibi kabla ya hapo. Likiwa ni dirisha moja tu na jua linaingia, tundika pazia jepesi jeupe au shuka nyeupe isiyo na maua. Jua kali likipita kwenye kitambaa hicho, kitambaa chenyewe ndicho kinachokuwa taa kubwa na laini.

Weka kiti mita 1 hadi 1.5 kutoka dirishani, pembeni yake, mabega yakielekea dirishani kwa kiasi cha nusu. Mtu asiligeuzie dirisha mgongo, isipokuwa una flashi ya kumrudishia mwanga usoni. Muombe mtu yeyote wa ofisini akukalie dakika mbili, kisha utazame mboni za macho yake. Nukta nyeupe ya dirisha inapaswa kuonekana juu kidogo, pale saa ya ukutani inapoandika 10 au 2. Isipoonekana, macho yatakuwa mafu kwenye picha hata mtu acheke namna gani. Mzungushe kidogo kidogo mpaka itokee.

Upande wa uso ulio mbali na dirisha utakuwa na kivuli. Kivuli ni kizuri kwa sababu ndicho kinachochora mfupa wa shavu, usikifute chote. Kikiwa kizito mno, simamisha kitu cheupe sentimita 60 hadi 80 kutoka shavuni: rifleta (bamba la kurudisha mwanga), karatasi ngumu, au lile bamba jeupe jepesi linalofungashiwa friji. Kama kuta ni nyeupe na kivuli hakipo kabisa, tundika kitambaa cheusi upande huo na uso utapata umbo.

Halafu zima taa za dari. Watu hushangaa, lakini hii ndiyo hatua inayookoa picha nyingi kuliko lenzi ya bei. Mwanga wa dirisha na wa mirija ya dari una rangi tofauti, na kamera haiwezi kusahihisha zote mbili kwa pamoja: shavu moja litakuwa sawa, jingine kijani. Taa za dari pia huangaza kipara na kutia giza kwenye matundu ya macho. Ukuta wa kijani au njano ulio karibu na mtu utamrushia rangi yake, na vioo vya rangi vya majengo marefu hubadilisha mwanga wote unaoingia. Dawa yake ni kadi ya kijivu, yaani karatasi ngumu ya kijivu cha wastani kisicho na rangi nyingine: ishikwe mbele ya uso, ipigwe picha moja, na rangi zote zipangwe kwa hiyo.

Mwisho ondoa takataka za nyuma. Waya za umeme, chupa za maji, kalenda ya mwaka juzi, mfuko wa plastiki. Angalia hasa ubao wenye majina ya wateja, karatasi ya nywila iliyobandikwa kwenye kompyuta na mafaili ya wagonjwa. Vitu hivi vimewahi kutokea kwenye picha na kusomeka. Mhusika akirudi akakuta kikombe chake, picha ya watoto wake au kitabu chake kiko palepale, ni vizuri. Hivyo ni vyake.

Kamera

Kwa kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kubwa kamili, lenzi ya milimita 85 inatosha kwa picha za kifua kwenda juu, na ya 35 au 50 kwa picha zinazoonyesha mtu na mahali pake pa kazi. Kwa kamera yenye sensa ndogo ya kawaida, tumia 50 badala ya 85 na 24 au 35 kwa picha pana. Ukiwa na lenzi pana, usikaribie uso chini ya mita 1.5. Pua hukua na masikio hukimbilia nyuma, na chanzo chake ni ukaribu wako.

Apecha, yaani tundu la lenzi (namba ndogo ya f ni tundu kubwa), ndiyo inayowaponza wengi. Wanapenda f/1.8 kwa sababu nyuma panayeyuka. Hesabu yake ni hii: lenzi ya milimita 85 ikiwa mita 2 kutoka kwa mtu, kwenye f/1.8 eneo lililo kali lina unene wa sentimita 6 hivi. Mtu akigeuza kichwa kidogo, jicho la pili lina ukungu. Kwenye f/4 eneo hilo linafika sentimita 13, uso wote unaingia, na kama ukuta uko mita 3 nyuma bado utalainika. Anzia f/2.8 kwa mtu aliyetulia, f/4 kwa anayefanya kazi na kusogea, f/5.6 kwa watu wawili.

Shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, iwe sekunde 1/200 kwa mtu anayeongea na kutumia mikono. Kama huna budi kuacha taa za umeme zikiwaka, shuka hadi 1/100. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya haraka zaidi ya hapo huchora mistari ya giza kwenye picha. Shata ya kimya ya kielektroniki ndiyo inayoumbuka zaidi chini ya taa hizo, kwa hiyo tumia ya kimitambo. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande mpaka 1600 au 3200 bila woga. Chenga kidogo zinazoletwa na ISO kubwa husafishika, ukungu wa mkono uliosogea hausafishiki. Piga faili za RAW, yaani picha ambazo kamera haijazichakata. Fokasi, yaani sehemu iliyo kali zaidi, iwe kwenye jicho lililo karibu na kamera.

Ngozi nyeusi ionekane kama ilivyo

Hapa panahitaji kusimama kidogo, kwa sababu ndipo picha nyingi za ofisini za Afrika Mashariki zinapoharibika. Teknolojia ya picha haikuanza ikitufikiria. Kadi za Kodak ambazo maabara zilitumia kupanga rangi tangu miaka ya 1950 zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na mashine zilirekebishwa mpaka ngozi yake ionekane vizuri. Kamera za leo ni bora mno, lakini kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake bado hakijui kinatazama nini. Kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani.

Ukipima kwenye uso peke yake, na ngozi ni nyeusi sana, kamera itaongeza mwanga mpaka uso upauke. Punguza stopu 1 hadi 1.5 (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu). Ukipima fremu nzima na nyuma yake kuna dirisha au ukuta mweupe, itafanya kinyume: uso utazama gizani, na utahitaji kuongeza stopu 1 hadi 2. Njia ya kuaminika ni kupima kwenye kadi ya kijivu iliyoshikwa mbele ya uso, kuweka kamera kwenye hali ya kujipangia mwenyewe, na kutogusa tena mpaka mwanga ubadilike.

Usipige giza kwa kutegemea kuinua kwenye kompyuta. Ngozi nyeusi iliyokosa mwanga ikiinuliwa hutoka kama majivu, na rangi ya kahawia na nyekundu iliyomo ndani yake haipatikani tena. Shati jeupe ndilo linalotisha: kati yake na ngozi nyeusi kuna tofauti ya stopu 3 au zaidi. Uso upewe kipaumbele, na shati liokolewe kwa kuligeuza mbali na dirisha au kwa kulifunika na koti.

Ngozi nyeusi hupata umbo kutokana na mng'ao juu yake kuliko kutokana na vivuli. Mng'ao mpana na laini juu ya shavu na paji la uso ni uzuri, na taa kubwa iliyo karibu ndiyo inayoutoa. Taa ndogo ya mbali hutoa vidoa vyeupe vikali vinavyofanana na jasho. Kwa hiyo beba karatasi za kunyonya mafuta usoni na poda isiyo na rangi, umpe mtu ajifute mwenyewe. Mtu akitoka nje kwenye joto la Mombasa au Dar, mpe dakika kumi kwenye ubaridi kwanza. Kamera nayo ikitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda uani, iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa, la sivyo lenzi itajaa mvuke.

Mtu mweusi mwenye suti nyeusi au buibui mbele ya ukuta wa giza atapotea kingo. Mtafutie mwanga wa nyuma, kwa mfano dirisha la pili upande wa bega, au msogeze mpaka mandhari nyuma ya kichwa iwe nyepesi kidogo kuliko nywele au mtandio wake.

Dirisha lisipokuwepo

Flashi moja inatosha. Iweke ndani ya softiboksi (kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga) ya sentimita 90 au nyuma ya mwavuli mweupe wa mita 1, juu ya stendi, umbali wa mita 1 kutoka usoni, pembeni kwa nyuzi 45, juu ya usawa wa macho na ikiinama. Ukiirudisha nyuma hadi mita 3 inakuwa taa ndogo na vivuli vinakuwa vikali. Wengi hufanya kosa hili kwa kuogopa stendi isionekane kwenye fremu. Bora stendi iguse ukingo wa picha kuliko taa iwe mbali.

Shata isizidi 1/200 hivi kwa kamera nyingi, ama sivyo utaona ukanda mweusi chini au juu ya picha. Anza na picha bila flashi, ukipanga shata na ISO mpaka chumba kionekane na giza kidogo, kisha washa flashi kwa nguvu ya 1/16 na upandishe taratibu mpaka uso ukae sawa. Nguvu ya flashi na apecha vinaongoza uso, shata inaongoza chumba. Kama huna hata softiboksi, geuza flashi ya juu ya kamera iangalie ukuta mweupe ulio ubavuni mwako. Ukuta utafanya kazi ya dirisha. Usiielekeze darini kwa mtu mwenye macho yaliyozama ndani. Beba seti mbili za betri, na usitegemee soketi ya ofisi.

Mtu anapoingia

Kila kitu kimeshawekwa. Kamera iko mezani au imening'inia, huijaribu tena. Msalimie kwa cheo chake au kwa jina analoitwa pale kazini: Daktari, Wakili, Mama, Mwalimu. Kama ni mkubwa kwako kwa umri, shikamoo haiwezi kurukwa. Kaa naye dakika mbili bila kamera, umweleze nini kitatokea na kitachukua muda gani. Wenzake wanaochungulia na kumtania waombwe watoke, mlango ufungwe. Hata wale wanaojiamini hubadilika wakitazamwa na watu watano.

Picha kumi za mwanzo ni za kumtoa baridi. Mwambie hivyo wazi, kwamba hizi ni za kujaribu mwanga, naye atalegea, na mara nyingine moja kati ya hizo inakuwa bora. Usimshike mtu kumpanga. Fanya mwenyewe mkao unaoutaka, naye akuige kama kioo. Akisimama, uzito uende mguu wa nyuma na goti la mbele lilegee. Akikaa, akae theluthi ya mbele ya kiti. Akiegemea nyuma, koti hupanda shingoni na tumbo hujitokeza. Kidevu kiende mbele kidogo, kama anayechungulia, halafu kishuke kidogo sana. Kwa anayeona si kawaida, mwonyeshe picha mbili, kabla na baada, ataelewa. Mabega yakipanda, mwambie avute pumzi na kuitoa kwa mdomo. Piga pumzi inapomalizika.

Neno "tabasamu!" liache. Uso unaoamriwa kucheka hucheka kwa mdomo peke yake. Uliza maswali yanayomfanya akumbuke kitu, kwa sababu mtu anayekumbuka hawezi kujitazama. "Ukimweleza bibi yako unachofanya hapa, unamwambiaje?" Swali hili hufungua karibu kila mtu, awe mtaalamu wa kodi au mpangaji wa mifumo ya kompyuta. "Kazi gani uliyoifanya mwaka huu ungependa mtu aione?" "Nani alikufundisha kazi hii?" Swali la mwisho hutoa utulivu usiopatikana kwa njia nyingine, kwa wale ambao uso wao si wa kucheka. Na wapo wengi. Mtu mkimya asilazimishwe uchangamfu. Mwache atazame nje ya dirisha, kisha umwite jina taratibu na upige anapogeuka.

Usipige katikati ya sentensi. Mdomo unaotamka hupinda, na macho hufumba nusu. Subiri mwisho wa sentensi: neno la mwisho limetoka, mdomo unafunga, macho bado yana kile alichokuwa akisema. Ni nusu sekunde hivi. Vivyo hivyo kwa kicheko. Kilele chake hukunja uso, lakini sekunde moja baadaye, kinapoisha, ndipo sura ya kirafiki inapobaki. Ukiona macho yamechoka, mwambie afumbe, hesabu mpaka tatu, afumbue.

Baada ya picha kumi na tano au ishirini, mwonyeshe moja tu, iliyo nzuri. Usimpe kamera apekue. Akiona moja anayojipenda, nusu iliyobaki ya kazi inakuwa nyepesi. Akitaja kasoro, ichukulie kwa uzito na ubadilishe kitu mbele yake: upande wa uso, urefu wa kamera, koti.

Mikono ipate kazi ya kweli

Mikono iliyofumbatwa ni ya kujikinga. Kuiweka mfukoni kunafaa kwa mkono mmoja, kidole gumba kikiwa nje. Lakini dawa ya kudumu ni kuipa kazi, na kazi iwe ya kweli. Mhandisi akunjue mchoro wa jengo analolijenga sasa, aeleze sehemu inayomsumbua. Daktari wa meno avute glavu. Wakili apange joho lake na ukosi mweupe kabla ya kwenda mahakamani. Mhasibu, ambaye wapiga picha wengi humwogopa kwa kuwa "hana kitu cha kuonyesha," ana kalamu, kikokotoo, na namna yake ya kushika paji la uso hesabu zinapokataa. Mpe dakika tatu afanye kweli anachofanya kila siku, ukimzunguka kimya, kisha muombe ainue macho. Mtu anayejifanya kuchapa kwenye kompyuta iliyozimwa huonekana, kwa sababu macho yake hayasomi kitu.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwapiga watu wa mji wake wakiwa na redio, saa ya mkononi au pikipiki, na hadi leo tunasoma tabia na matumaini yao kwenye vitu hivyo. Kwa upande wa pili, mwaka 1946 mpiga picha Mmarekani Arnold Newman alimpiga mtunzi wa muziki Igor Stravinsky akiwa kwenye kona ya chini ya picha, huku kifuniko cheusi cha piano kikijaza sehemu kubwa. Picha hizo hufundisha kwamba kifaa cha kazi kinaweza kuwa kikubwa kuliko mtu, mradi ni chake. Kofia ngumu ya mjenzi, hata hivyo, ikikaa kichwani hutia kivuli machoni. Aishike kwapani, au aisukume nyuma kidogo na wewe ushushe taa.

Mambo madogo ya kukagua

Kabla ya kupiga, tazama kutoka juu kwenda chini, kila mara kwa mpangilio uleule: nywele au mtandio, miwani, kola, tai, vifungo, mifuko, mikono. Kitambulisho cha shingoni na simu mfukoni vitoke. Koti la vifungo viwili hufungwa cha juu tu. Akikaa, vyote hufunguliwa na pindo la nyuma hukaliwa ili mabega yasipande. Mtandio uliosogea mbele hutia kivuli kwenye paji la uso. Mpe kioo aurudishe mwenyewe, wewe usiuguse. Miwani ikiakisi dirisha, pandisha taa au inua mikono ya miwani juu ya masikio kwa milimita chache, vioo viiname. Muulize kama huvaa miwani kila siku. Anayeivaa kila siku abaki nayo.

Mkurugenzi mwenye dakika saba anahitaji mkao mmoja uliojaribiwa na mtu mwingine wa kimo chake, maswali mawili, na picha thelathini. Usimpe mikao mitano.

Kwa wafanyakazi thelathini, panga dakika 10 kwa kila mmoja na mapumziko ya nusu saa baada ya kila kumi. Bandika utepe sakafuni kwa miguu yao na mwingine kwa stendi ya taa, na uandike apecha, shata, ISO, nguvu ya flashi na umbali kwenye karatasi. Mfanyakazi mpya akija miezi minne baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayomfanya afanane na wenzake. Mwanga ufanane kwa wote, mkao usifanane. Waliokaa, wakae. Wanaopenda kusimama, wasimame.

Kuchagua, kusafisha, kukabidhi

Kutoka picha 60 au 80 za mtu mmoja, mzunguko wa kwanza ondoa macho yaliyofumba na fokasi iliyokosa. Wa pili bakisha 10 au 12 kwa kutazama macho tu, ukiziangalia zikiwa ndogo kama zitakavyoonekana kwenye simu. Mpelekee mhusika 3 hadi 5 achague. Ukimpa 40 atachagua anayoonekana mwembamba, na mara chache ndiyo yenye uhai.

Kwenye kusafisha, kanuni inayofaa ni hii: kitakachopona ndani ya wiki mbili kifutwe, kama chunusi au mkwaruzo wa wembe. Kovu, chale, baka la kuzaliwa na mikunjo vibaki, isipokuwa mwenyewe ameomba. Usipaushe ngozi. Wateja wengine huomba "mng'arishe kidogo," na jibu la kitaalamu ni kuongeza mwanga wa picha nzima kwa kiasi, huku ukilinganisha na picha ya kadi ya kijivu, bila kubadilisha rangi ya mtu. Programu za simu zinazolainisha ngozi mpaka vinyweleo vinapotea zisikaribie kazi hii.

Kabidhi aina mbili. Ya kuchapishwa iwe kubwa. Ukurasa kamili wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Ya mtandaoni iwe na pikseli 2000 upande mrefu, katika mfumo wa rangi wa sRGB, kwa sababu mifumo mingine hupauka kwenye simu na vivinjari. Ongeza nakala ya mraba yenye nafasi juu ya kichwa na pembeni, kwa kuwa mitandao mingi hukata picha ya wasifu kuwa duara.

Ridhaa iandikwe kabla ya kupiga, isainiwe na kila mtu mwenyewe, ikitaja wazi picha zitatumika wapi na kwa muda gani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Saini ya mwajiri haitoshi kuiweka sura ya mfanyakazi kwenye tangazo la biashara, na swali la picha ya aliyeacha kazi lijibiwe kwenye karatasi hiyohiyo. Mgonjwa au mteja aliyeonekana kwa bahati nyuma ya picha hana saini, basi picha hiyo haitoki.

Hifadhi faili sehemu mbili tofauti siku ileile ya kupiga, kabla kadi haijafutwa. Zipe faili majina ya watu, na tahajia ya kila jina uithibitishe kwa mwenyewe, kwa sababu orodha za ofisini zina makosa na jina la faili ndilo litakalonakiliwa chini ya picha kwenye tovuti.